Nicodemus, Mji Mdogo wa Mbugani

Mwanafunzi akiulizwa ataje miji ya Marekani hatakosa jibu. Atataja New York, Chicago na Washington, na pengine ataeleza urefu wa majengo yake na wingi wa watu wake. Lakini ni nadra kumpata mtu atakayeutaja mji wa Nicodemus katika jimbo la Kansas. Katika sensa ya mwaka 2020 wakazi wake walihesabiwa wakawa 14 tu. Idadi hiyo haijazi hata nusu ya darasa moja la shule ya msingi. Nilipoutaja mji huu kwa mara ya kwanza mbele ya wanafunzi wangu katika chuo cha ualimu, mmoja wao alisimama akaniuliza, kwa adabu lakini bila kuficha mshangao wake, kama watu 14 wanaweza kuwa na historia. Swali lake lilikuwa la haki. Sikuweza kulijibu kwa neno moja siku ile, na insha hii ni jibu langu.

Kwanza tupatazame mahali penyewe. Kansas iko karibu na kitovu cha nchi ya Marekani, na sehemu yake kubwa ni mbuga. Mtu aliyeyaona maeneo ya Laikipia au Athi anaweza kuanza kuipiga picha moyoni, lakini lazima aiondoe milima yote na karibu miti yote. Hubaki majani, upepo na anga. Wakati wa kiangazi jua huchoma, na wakati wa baridi kali dhoruba za theluji huvuma siku nyingi bila ya kizuizi. Katika upande wa kaskazini-magharibi wa jimbo hilo hupita mto Solomon, na karibu na mto huo, katika wilaya ya Graham, ndipo ulipojengwa mji wa Nicodemus.

Mbuga hiyo haikuwa nchi isiyo na wenyewe. Makabila ya wenyeji wa Marekani yaliwinda nyati humo kwa vizazi vingi, na jina lenyewe la Kansas limetokana na kabila la Wakansa. Kufikia miaka ya 1870 nyati walikuwa wameuawa kwa maelfu na wenyeji wamesukumwa mbali. Wakansa wenyewe walihamishwa mwaka 1873 wakapelekwa kusini. Tusilisahau jambo hili tunapowasifu waliokuja baadaye, kwa kuwa historia ya kweli haimtukuzi mtu mmoja kwa kumfuta mwingine.

Sasa tuwatazame waliokuja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipiganwa kuanzia mwaka 1861 hata mwaka 1865, na mwisho wake ulikuwa kukomeshwa kwa utumwa katika nchi nzima. Karibu watu milioni nne walitoka katika utumwa. Walitoka na uhuru mkononi, lakini ardhi hawakuwa nayo. Wengi walirudi kulima mashamba ya waliokuwa mabwana zao, kwa masharti yaliyowafanya wawe wadeni mwaka baada ya mwaka. Kwa muda wa miaka kadhaa serikali kuu ilijaribu kuzilinda haki zao katika majimbo ya kusini, lakini mwaka 1877 ulinzi huo uliondolewa, nao wakaachwa mikononi mwa watu waliochukia kuwaona wakipiga kura au wakijenga shule.

Huko magharibi palikuwa na mlango mmoja ulio wazi. Sheria ya mwaka 1862 iliruhusu mtu kujitwalia ekari 160 za ardhi ya serikali kwa malipo madogo, kwa sharti kwamba akae juu ya ardhi hiyo miaka mitano, ajenge na alime. Akitimiza sharti hilo hupewa hati, na ardhi huwa yake na ya watoto wake. Sheria haikuwabagua watu weusi. Tena Kansas ilikuwa imeingia katika umoja wa Marekani mwaka 1861 kama jimbo lisilokubali utumwa, na kwa sababu hiyo jina lake lilikuwa na sauti tamu masikioni mwa watu waliozaliwa utumwani.

Mwezi wa Aprili, mwaka 1877, watu saba waliunda kampuni ya kuanzisha mji. Sita kati yao walikuwa weusi, na miongoni mwao alikuwa mchungaji W. H. Smith. Wa saba alikuwa Mzungu aliyeitwa W. R. Hill, mtu wa biashara ya viwanja. Matangazo yakachapishwa na kupelekwa katika jimbo la Kentucky, yakisomwa makanisani na kuwaalika watu waje katika nchi nzuri yenye rutuba. Jina la mji likawa Nicodemus. Wako wanaolinasibisha jina hilo na yule mzee wa Injili aliyemwendea Yesu usiku, na wako wanaolinasibisha na mtumwa wa hadithi aliyezaliwa Afrika, ambaye habari zake ziliimbwa katika wimbo uliotungwa mwaka 1864. Asili yoyote tutakayoifuata, jina hilo liliwafaa watu waliokuwa wakitafuta kuzaliwa mara ya pili.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule zaidi ya watu 300 waliwasili kutoka Kentucky. Walisafiri kwa gari la moshi hata stesheni ya Ellis, na kutoka hapo walikwenda kwa miguu na magari ya kukokotwa umbali wa kilomita zaidi ya 50. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1878 lilikuja kundi jingine, na ndani yake alikuwamo mama mmoja, Willianna Hickman, mke wa mchungaji. Baadaye sana, alipokuwa mzee, alisimulia jinsi walivyotembea kutoka Ellis, na jinsi wanaume walivyopiga kelele kwa furaha kwamba Nicodemus imeonekana. Yeye alikaza macho asione nyumba hata moja. Alipouliza mji uko wapi alionyeshwa moshi uliokuwa ukitoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi katika mashimo. Mama huyo alikaa akalia.

Tusimcheke kwa machozi yake. Kentucky ni nchi ya miti na vilima, nayo nyumba za huko hujengwa kwa mbao. Mbugani mbao hazikupatikana. Kwa hiyo wahamiaji walichimba ubavuni mwa miinuko vyumba vya chini kwa chini, wakaviezeka kwa fito na majani na kuvifunika kwa udongo. Anayezijua tembe za Ugogo atazielewa nyumba hizo kwa upesi, ila tembe husimama juu ya ardhi na hizi zilizama ndani yake. Kuni hazikuwapo, na watu walipikia samadi kavu na mabua. Baadhi ya waliowasili waliona wamedanganywa, wakageuka na kurudi walikotoka. Hasira yao juu ya wachapishaji wa yale matangazo ilikuwa na msingi, kwani ahadi ni deni, na deni lile halikuwa limelipwa.

Waliobaki walikutana na majira ya baridi bila ya akiba. Walikuja wakati wa kupanda umekwisha pita, na chakula walichokuja nacho kilikuwa kidogo. Wazee wa mji huo wamesimulia kizazi hata kizazi kwamba katika baridi ile ya kwanza Waosage, kabila la wenyeji waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, waliwagawia nyama. Watu walionyang'anywa nchi waliwalisha watu walionyimwa nchi. Majira ya baridi yalipokwisha wanaume wengi walikwenda mbali kutafuta vibarua kwenye reli na mashamba ya watu, na wanawake na watoto wakabaki kuivunja ardhi. Wanyama wa kukokota plau walikuwa wachache mno, hata watu wakalima kwa sepeto na jembe katika udongo ulioshonwa kwa mizizi ya majani ya miaka elfu. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka mmoja ekari chache, mwaka wa pili ekari nyingine, na mashamba yakaanza kuonekana.

Pamoja na mashamba ikaja shule. Mama mmoja, Jenny Fletcher, ambaye mumewe alikuwa msimamizi wa kwanza wa posta, alianza kuwafundisha watoto katika siku zile zile za mashimo. Mimi niliye mwalimu siwezi kulipita jambo hili upesi. Watu hao walizaliwa katika majimbo ambako, kabla ya vita, kumfundisha mtumwa kusoma kulichukiwa na mara nyingi kulikatazwa kwa sheria. Hawakungoja wapate ukuta na paa ndipo wafungue shule. Ilipofika mwaka 1879 eneo la shule la Nicodemus lilianzishwa rasmi, likawa la kwanza katika wilaya nzima ya Graham.

Siasa nayo haikukawia. Mwaka 1878 alihamia hapo kijana msomi aliyeitwa Edward McCabe, mzaliwa wa jimbo la New York. Wilaya ilipoanzishwa rasmi mwaka 1880 gavana alimteua kuwa karani wake wa muda, na mwaka 1881 wananchi walimchagua kwa kura katika kazi hiyo hiyo. Mwaka 1882 alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, cheo ambacho mtu mweusi hakuwahi kupata mfano wake kwa kura za wananchi nje ya majimbo ya kusini. Alishika cheo hicho vipindi viwili. Basi fikiri, msomaji: miaka mitano baada ya moshi kuonekana ukitoka ardhini, mji ule ulikuwa umetoa mtu wa kuzikagua hesabu za jimbo.

Kufikia katikati ya miaka ya 1880 mashimo yalikuwa yamegeuka nyumba za udongo wa majani, za mawe ya chokaa na za mbao zilizoletwa kutoka mbali. Palikuwa na maduka, hoteli, makanisa na benki. Mwaka 1886 lilianza kuchapishwa gazeti la kwanza, na mwaka 1887 la pili. Mji mdogo wenye magazeti mawili ni mji unaoamini kwamba una la kusema.

Hapa inatupasa kukumbuka jambo la kwetu. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mwaka 1875, miaka miwili kabla ya Nicodemus, wamisionari wa Kiingereza walianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwa makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Anayepita Kengeleni leo hupita mahali palipopata jina lake kutokana na kengele ya makao hayo. Mahali hapa pawili palizaliwa katika muongo mmoja, na pote pawili watu walioonja utumwa walijaribu kuanza maisha mapya. Lakini ipo tofauti inayofaa kupimwa. Frere Town iliendeshwa na misheni, na ardhi yake ilikuwa ya misheni. Katika Nicodemus kila mwenye shamba alikuwa akiingoja hati yenye jina lake mwenyewe. Tutaona kwamba hati hiyo ndiyo iliyouokoa mji siku za taabu.

Taabu yenyewe ilikuja kwa njia ya reli, au kwa usahihi zaidi, kwa kukosa reli. Katika mbuga za Marekani za wakati ule reli ilikuwa hakimu wa miji. Mkulima wa ngano asiye na stesheni karibu huimaliza faida yake njiani. Sisi tunaoujua mji wa Nairobi, ambao ulianza kuwa mji kwa sababu reli ilifika hapo mwaka 1899, hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Watu wa Nicodemus walilijua vizuri. Mwaka 1887 walipiga kura wakakubali kutoa hati za mkopo za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya Missouri Pacific ilete njia yake mjini kwao. Kampuni hiyo haikuja. Mwaka 1888 kampuni nyingine, Union Pacific, ilitandika reli yake ng'ambo ya mto, maili chache kutoka Nicodemus, na hapo kambi ya wajenzi ikageuka kuwa mji mpya ulioitwa Bogue.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Wenye maduka waliyahamishia Bogue, na wengine walizipakia hata nyumba zenyewe juu ya magari wakaondoka nazo. Kabla mwaka 1888 haujaisha magazeti yote mawili yalikuwa yamenyamaza. McCabe naye alikwenda zake kusini, akashiriki kuanzisha mji wa Langston katika nchi ya Oklahoma mwaka 1890. Mtu aliyeitazama Nicodemus wakati ule angeweza kusema kwamba imekufa, na asingelaumiwa.

Lakini haikufa. Mwenye duka huweza kulifunga duka lake kwa siku moja, ila mwenye shamba haliwezi shamba kulitia garini. Wakulima wenye hati zao walibaki. Walilima ngano, wakaoana, wakajenga makanisa mapya, na mwaka 1918 wakasimamisha jengo jipya la shule. Kwa miaka mingi ya mwanzo wa karne ya 20 Nicodemus ilikuwa mji bila biashara kubwa, lakini ilikuwa jamii kamili, yenye mashamba yake, ibada zake na timu zake za mpira.

Pigo la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, nalo halikuchagua rangi. Katika miaka ya 1930 bei ya ngano ilianguka duniani kote, na wakati huo huo ukame mkali ulizikausha mbuga. Udongo uliolimwa ukapeperushwa na upepo, mawingu ya vumbi yakafanya mchana kuwa usiku. Mwaka 1935 mjini walibaki watu 76. Serikali ilipoanzisha kazi za umma ili kuwapa watu riziki, wakazi walijenga kwa mawe ya chokaa ukumbi wa mji, uliokamilika mwaka 1939 na ambao umesimama hata leo. Lakini vijana waliendelea kwenda mijini kutafuta kazi. Mwaka 1950 walibaki watu 16. Posta ilifungwa mwaka 1953, na shule ikafungwa mwaka 1960.

Asidhani msomaji kwamba hesabu hii ni ya Nicodemus peke yake. Mashine kubwa zilipokuja, mtu mmoja aliweza kulima eneo ambalo zamani lililisha jamaa kumi, na kwa hiyo miji midogo ya mbugani, ya weupe na ya weusi, ilipungukiwa na watu. Wilaya ya Graham ilikuwa na watu zaidi ya 8,000 mwaka 1910, na mwaka 2020 hawakufika 2,500. Hata Bogue, iliyojaliwa reli na kuchukua maduka ya jirani yake, leo ina watu wasiofika mia mbili. Reli iliupa mji huo nguvu, lakini haikuupa kinga ya milele.

Sasa narudi kwenye swali la mwanafunzi wangu. Sensa huhesabu waliolala nyumbani usiku mmoja, na kazi hiyo ni ya lazima, kwa sababu bila hesabu serikali haiwezi kujenga shule wala hospitali. Lakini sensa haiwezi kuhesabu watu wanaousema mji kuwa kwao. Tangu siku za mwanzo watu wa Nicodemus walisherehekea kila mwaka tarehe ya kwanza ya Agosti, kwa ukumbusho wa siku ya mwaka 1834 ambayo watumwa wa visiwa vya West Indies, chini ya utawala wa Uingereza, walianza kuwekwa huru. Sherehe hiyo haikukoma watu walipohama. Imegeuka kuwa siku za kurejea nyumbani, na kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wajukuu na vitukuu hurudi kutoka majimbo ya mbali kwa mamia. Huandamana, husali, hula pamoja, na wazee huwasimulia watoto habari za moshi uliotoka ardhini. Waswahili wamesema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na sijui mahali ambapo methali hiyo ya mabaharia imetimia vizuri zaidi kuliko katika mji huo usio na bahari.

Mwaka 1996 serikali ya Marekani iliutangaza mji wa Nicodemus kuwa mahali pa historia ya taifa. Majengo matano yanahifadhiwa: makanisa mawili, hoteli ya zamani, shule na ukumbi. Heshima hiyo haikushuka yenyewe kutoka juu. Wazao wa wahamiaji waliitafuta kwa miaka mingi, kwa kukusanya picha, barua na masimulizi, na kwa kuwaeleza wakubwa jambo ambalo wao hawakuhitaji kuelezwa.

Basi jibu langu ni kwamba watu 14 wanaweza kuwa na historia, ikiwa wapo wanaoitunza. Nimemjibu hivyo mwanafunzi wangu, kisha nikampa kazi, na kazi hiyo nakupa na wewe, msomaji. Uendapo likizo, chagua senta au soko dogo la kwenu, lile ambalo basi hupita bila kusimama. Muulize mzee ni nani aliyekuja hapo kwanza, alikuja kutafuta nini, barabara ilipita wapi, na nani waliondoka ilipopita kwingine. Andika majibu kwa wino, na uandike jina la mzee na tarehe. Willianna Hickman aliulizwa akiwa mzee, akajibu, na mtu akaandika. Kama asingaliulizwa, moshi ule ungalikwisha angani, nasi tusingalijua kwamba chini yake palikuwa na mji.